Usiniulize mAh Ngapi

Konzoli mpya ya gemu za mkononi ikitangazwa, hata kabla haijafika dukani, swali linalonifikia huwa ni lile lile: betri yake ina mAh ngapi? Na anayeuliza mara nyingi ameshajijibu. Ameiona namba kwenye tangazo, ameilinganisha na ya simu yake au ya pawabenki yake, na anachotaka kwangu ni kuitikia tu. Siitikii. Namba hiyo peke yake haikwambii gemu itacheza kwa muda gani, haikwambii ni betri ipi kubwa kati ya mbili, wala haikwambii kama sola ya nyumbani itaimudu. Kwa mtu wa Nairobi mwenye soketi ukutani ni swali lisilo na faida. Kwa mtu wa Kiwayu ni swali la hasara, kwa sababu huko jibu lisilo sahihi hulipiwa mara mbili: kwa pesa ya kununulia, kisha kwa jua linalopotea kila siku katika kuchaji kifaa kisichoendana na paneli iliyopo.

Nimeitaja Kiwayu kwa makusudi. Kisiwa hicho chembamba, kaskazini mwa visiwa vya Lamu, kiko mbali na nguzo za umeme wa taifa. Kaunti ya Lamu ni mojawapo ya kaunti 14 zilizoingizwa katika KOSAP, mradi wa serikali ya Kenya na Benki ya Dunia wa kupeleka umeme wa jua kusikofika gridi, na hilo linatosha kueleza hali ilivyo katika visiwa vya mbali. Aliyeko Kiwayu akiagiza kifaa kutoka Nairobi, kifaa hupanda basi hadi Mokowe, huvushwa hadi Lamu, kisha hupakiwa boti ya kwenda kaskazini kupitia mkondo wa bahari wa Mkanda. Akigundua kwamba alichonunua hakifai, hawezi kutoka kwenda kugonga mlango wa duka jioni ile ile. Hesabu yake yote lazima ikamilike kabla hajatuma pesa. Ndiyo maana naandika kwa kumfikiria yeye kwanza, na mwenye soketi ukutani atafaidika naye akipenda.

Tuanze na namba yenyewe. mAh ni kipimo cha mkondo wa umeme kwa muda: betri ya mAh 5,000 inaweza kutoa miliampia 5,000 kwa saa nzima, au 2,500 kwa saa mbili. Kipimo hicho hakisemi mkondo unasukumwa kwa volti ngapi, na bila volti hujui umeshika nini. Ni kama kuambiwa jahazi limetia nanga na magunia 500, ukaondoka umeridhika bila kuuliza kila gunia lina kilo ngapi. mAh ni idadi ya magunia, volti ni uzito wa gunia moja, na shehena yenyewe inaitwa wati-saa. Ukitaka kuipata, zidisha mAh kwa volti kisha gawanya kwa 1,000. Hesabu hii mtoto wa shule ya msingi anaiweza, na vitu vyote viwili huandikwa kwenye betri. Sioni sababu ya mtu mzima kutumia maelfu ya shilingi bila kuifanya.

Chukua mfano wa konzoli mbili zinazotajwa sana. Nintendo Switch 2, iliyoingia sokoni tarehe 5 Juni 2025, ina betri ya mAh 5,220. Steam Deck ya kwanza ya kampuni ya Valve, iliyotoka Februari 2022, ina betri ya karibu mAh 5,200. Kwa mtazamo wa mAh, hizi ni betri pacha. Lakini betri ya Switch 2 ni ya volti zisizofika 4, na shehena yake ni kama wati-saa 19. Ile ya Steam Deck ina seli zilizounganishwa kwa mfululizo, volti zake zinazidi 7, na Valve wenyewe wanaitangaza kuwa ya wati-saa 40. Magunia ni idadi ile ile, shehena ni maradufu. Aliyelinganisha mAh amepotoka kwa asilimia mia moja, na wala hakudanganywa na mtu yeyote. Amejidanganya kwa kusoma namba ambayo haikukusudiwa kulinganisha vitu viwili tofauti.

Au chukua mfano ulio karibu zaidi na nyumba ya kisiwani. Betri ndogo ya asidi ya sola, ile ya volti 12 na ampia-saa 7 inayokaa chini ya meza, ikiandikwa kwa mAh ni 7,000 tu. Pawabenki ya mfukoni huandikwa 10,000. Anayeamini mAh ataona kitu cha mfukoni kimeishinda betri ya kubebwa kwa mikono miwili. Zidisha kwa volti uone ukweli. Betri ya sola ni wati-saa 84, na pawabenki, ambayo seli zake ni za volti 3.7, ni wati-saa 37. Hata ukizingatia kwamba betri ya asidi haifai kukamuliwa kupita nusu yake, bado inakupa 42, yaani zaidi ya kila kilichomo ndani ya pawabenki iliyojaa. Namba ndogo ndiyo yenye umeme mwingi.

Hapo tumelinganisha shehena tu. Bado hatujauliza nani anaila na kwa kasi gani, na hapa ndipo imani ya mAh inapoporomoka kabisa. Switch ya kwanza ilitoka tarehe 3 Machi 2017 na betri ya mAh 4,310, wati-saa 16. Nintendo walisema itacheza kati ya saa 2 na nusu na saa 6 na nusu, kutegemea gemu. Mwaka 2019 wakatoa toleo jipya lenye sura ile ile, kioo cha ukubwa ule ule na betri ile ile ya mAh 4,310. Muda wa kucheza ukawa kati ya saa 4 na nusu na saa 9. Kwa Breath of the Wild, gemu ambayo Nintendo wenyewe waliitumia kama kipimo, toleo la kwanza liliahidiwa kama saa 3 na la pili kama saa 5 na nusu. Betri haikuongezwa hata mAh moja. Kilichobadilika hasa ni chipu: muundo ulikuwa ule ule, lakini ilitengenezwa kwa teknolojia mpya zaidi, kwa hiyo kila hesabu iliyopigwa ndani yake ilitumia umeme mchache zaidi. Ukigawanya wati-saa 16 kwa saa 2 na nusu unapata wati 6.4. Ukizigawanya kwa saa 4 na nusu unapata wati 3.6. Kifaa cha pili kinakula zaidi kidogo ya nusu ya kile cha kwanza, na kwenye mAh hutaiona tofauti hiyo hata ukodoe macho hadi kesho.

Kisha ikaja Switch 2. Maelezo yake kamili yalipotolewa Aprili 2025, furaha ya wengi ilijengwa juu ya namba moja: kutoka 4,310 hadi 5,220, ongezeko la zaidi ya asilimia 20. Wakahitimisha kwamba itacheza kwa muda mrefu zaidi. Nintendo wenyewe waliandika waziwazi saa 2 hadi saa 6 na nusu. Betri imekua, muda umepungua, na wala si ajabu. Kioo kimepanda kutoka inchi 6.2 hadi 7.9, ubora wa picha umepanda kutoka mistari 720 hadi 1,080, kioo kinaweza kuchora picha hadi mara 120 kwa sekunde, na chipu ya Nvidia iliyomo ndani inafanya kazi ambayo ile ya 2017 isingeiota. Gawanya 19 kwa 2 uone: gemu nzito inakula wati 9 na kitu, takriban mara mbili na nusu ya toleo la 2019. Wasiwasi walioueleza baadhi ya watu kabla haijatoka ulikuwa wa haki. Waliokuwa na matumaini makubwa walikuwa na namba mkononi, ila walisoma namba isiyohusika.

Upande wa Steam Deck kuna ushahidi wa namna nyingine. Novemba 2023 Valve walileta toleo la kioo cha OLED na betri ya wati-saa 50 badala ya 40, ongezeko la robo. Muda waliouahidi ulipanda kutoka saa 2 hadi 8 ukawa saa 3 hadi 12, ongezeko la nusu pande zote mbili. Robo moja imetoka kwenye betri, na nyingine imetoka kwa chipu na kioo kujifunza kula kidogo. Valve, kwa haki yao, huandika wati-saa katika maelezo yao. Kampuni zote zingefanya hivyo, safu hii isingekuwa na sababu ya kuandikwa.

Na hili si jambo la juzi. Mwaka 1989 Nintendo walitoa Game Boy iliyobuniwa chini ya Gunpei Yokoi: kioo kisicho na rangi wala taa, betri nne za AA, na ikacheza zaidi ya saa 10. Mwaka uliofuata Sega walileta Game Gear huko Japani, yenye rangi, taa nyuma ya kioo, na betri sita za AA. Kwa hesabu ya betri Game Gear ilikuwa mbele kwa nusu nzima. Ilizima baada ya saa 3 hadi 5. Game Boy na ndugu yake wa rangi ziliuzwa zaidi ya milioni 118 duniani, na Game Gear ikaishia karibu milioni 11. Haikuwa betri peke yake iliyoamua mauzo hayo, lakini mzazi aliyelazimika kununua betri sita kila mara alijua kwa nini anasikitika.

Napingwa kwa hoja tatu, na mbili kati yake zina uzito. Ya kwanza inasema: mbona simu yangu ya zamani ya mAh 3,000 ilikufa mchana, na hii ya 5,000 inafika usiku? Ni kweli inafika. Simu nyingi hutumia seli moja yenye volti zinazokaribiana, na matumizi yake, meseji, simu, video fupi, yanafanana kutoka simu hadi simu. Katika zizi hilo moja mAh inaweza kukupa picha ya haraka, na ndilo zizi lililowalea watu katika imani hii. Ukitoka humo na kwenda kwenye konzoli, pawabenki au betri ya sola, volti zimebadilika na mlaji amebadilika. Kipimo kilichokufaa kwa bahati hakina deni la kukufaa tena.

Ya pili inasema kampuni hutia chumvi katika saa zinazozitangaza, kwa hiyo heri kuamini namba ya betri ambayo haiwezi kudanganya. Hapa kuna nusu ya ukweli. Namba ya juu, ile ya saa 6 na nusu au 12, hupatikana kwa gemu nyepesi, mwanga wa kioo ukiwa umepunguzwa na mawasiliano yakiwa yamezimwa. Isahau. Namba ya chini ndiyo ya kushika, kwa sababu hiyo ndiyo kampuni inayoitoa ikijua kwamba wanunuzi wataipima kwa gemu nzito na kulalamika hadharani. Kila anayenipa masafa ya saa mbili hadi saa sita na nusu, mimi huandika mbili kwenye karatasi na kuendelea na hesabu. Namba ya chini ya saa, pamoja na wati-saa za betri, inakupa wati anazokula mlaji. Wati ndizo zinazozungumza na paneli yako. mAh hazizungumzi nayo.

Ya tatu haina uzito, lakini ndiyo inayorudiwa zaidi: kama betri ni ndogo, si utanunua pawabenki ya mAh 50,000 mambo yakaisha? Hapa naomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi za watu wa visiwani, na za bara pia, zinapozama.

Pawabenki ya mAh 50,000 inayoenea kwenye kiganja na kuuzwa kwa bei ya chakula cha jioni haipo. Sisemi ni mbovu, nasema haipo. Seli inayotumika sana ndani ya vifaa hivi ni ya duara, kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65, ile ile iliyomo kwenye kurunzi za kuchaji. Ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na zilizo bora kabisa hubeba takriban mAh 3,500. Ili kufika 50,000 unahitaji seli 15 za daraja la juu kabisa, yaani gramu 700 za seli tupu kabla hujaweka saketi, waya na ganda. Seli bapa za mfuko hazibadilishi hesabu hiyo kwa kiasi cha maana, maana umeme unaoweza kuingia katika kilo moja ya lithiamu una mpaka, na mpaka huo ni wa kikemia. Muuzaji hawezi kuupandisha kwa kubandika stika. Kwa hiyo chukua hiyo pawabenki uiweke kwenye mizani ya duka, ile ya kupimia sukari. Ikisoma gramu 200, ndani haiwezi kuwa na zaidi ya mAh 15,000 hata kama imetengenezwa na mabingwa, na kwa kuwa aliyeandika 50,000 si bingwa wa ukweli, tarajia chini ya hapo. Ikiwa nzito usishangilie bado: zipo zilizopasuliwa zikakutwa na mchanga ndani, umetiwa ili kuudanganya mkono. Mizani humkamata mwongo aliye mwepesi tu, mwongo mzito humpita.

Kuna ushahidi mwingine ulio wazi kwa kila anayesafiri. Sheria za usafiri wa anga huruhusu abiria kubeba pawabenki ya hadi wati-saa 100 mkononi. Kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali, na zaidi ya 160 hairuhusiwi. Zidisha 50,000 kwa 3.7: wati-saa 185. Kama namba iliyoandikwa ingekuwa ya kweli, hakuna abiria anayeshuka uwanja wa ndege wa Manda, Lamu, ambaye angeruhusiwa kuwa nayo mkobani. Watengenezaji waaminifu wanaijua sheria hiyo, ndiyo maana pawabenki zao kubwa husimama kwenye 26,000 au 27,000, chini kidogo ya mstari wa 100. Asiyejali mstari huo hajali kwa sababu anajua vizuri ndani kuna nini.

Uongo huu una binamu wawili. Wa kwanza ni seli ya kurunzi iliyoandikwa 9,900. Umbo ni lile lile la milimita 18 kwa 65, kwa hiyo tayari unajua jibu: hakuna seli ya umbo hilo inayokaribia namba hiyo, na mvuvi anayeinunua kwa ajili ya usiku wa maji mafu atabaki gizani kabla hajamaliza kazi. Wa pili ni betri ya kubadilisha ya simu au konzoli, yenye ukubwa ule ule wa ile ya kiwandani lakini imeandikwa uwezo mara moja na nusu au mara mbili. Nafasi ndani ya kifaa haikuongezeka. Kama kampuni yenye maabara na mabilioni ingeweza kuutia uwezo huo katika nafasi hiyo, ingeutia na kuutangaza kwa herufi kubwa. Fundi anayekuahidi betri hiyo ama hajui anachouza au anajua sana.

Hata pawabenki ya kweli haitoi yote iliyoandikwa. Seli ni za volti 3.7, na lango la kuchajia hutoa volti 5 au zaidi. Kupandisha volti kunakula umeme, na kuingiza umeme huo ndani ya betri ya konzoli kunakula tena. Pawabenki safi ya 10,000, yenye wati-saa 37, itafikisha kama 27 ndani ya konzoli. Hiyo ni Switch 2 moja na kama nusu nyingine, au nusu tu ya Steam Deck ya OLED. Kampuni zenye adabu huandika kwa maandishi madogo uwezo halisi kwa volti 5, na mara nyingi utaona 6,000 na kitu chini ya ile 10,000 kubwa. Soma maandishi madogo. Yakikosekana, irudishe rafuni.

Hasara haiishii mfukoni. Seli duni hazina ulinzi mzuri wa joto, huvimba, na zikifa lazima zitupwe mahali. Kiwayu iko katika eneo la Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, na tayari bahari huiletea takataka za watu wengine. Huko ndiko, mwaka 1997, malapa yaliyoletwa na mawimbi na watoto waliokuwa wakiyachonga vidude vya kuchezea yalimpa Julie Church wazo la kazi iliyokuja kuwa Ocean Sole. Lapa unaweza kulikata ukatengeneza kobe. Lithiamu iliyovimba huwezi kuifanya kitu ufukweni. Usiitoboe, usiichome, usiitupe majini. Itie kwenye chombo cha bati chenye mchanga mkavu, mbali na makuti, iondoke na boti kwenda kwa fundi wa Lamu anayejua kuipeleka mbele.

Sasa yanayofaa kufanywa, na niyaseme haraka kwa sababu si magumu. Chukua wati-saa za konzoli, ongeza robo kwa ajili ya upotevu, hiyo ndiyo bili ya kuijaza mara moja: Switch 2 kama 24, Steam Deck ya OLED zaidi ya 60. Paneli ya wati 20 kwa siku ya jua zuri itakupa kama wati-saa 60 au 70 baada ya upotevu, na taa na simu za nyumba nzima zinazitaka hizo hizo. Kwa paneli hiyo Steam Deck ni mgeni anayemaliza chungu. Usipitishe umeme kwenye inveta kama si lazima, maana unaupandisha hadi volti 240 ili chaja iushushe tena, na pande zote mbili kuna makato. Tumia chaja ya gari ya USB-C yenye nguvu, moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, na weka fyuzi. Lango la volti 5 na ampia 2 hutoa wati 10, na gemu nzito kwenye Switch 2 inakula karibu zote, kwa hiyo chaji kifaa kikiwa kimelala, saa za jua kali, wakati paneli ina ziada. Punguza mwanga wa kioo. Kwenye Steam Deck weka kikomo cha picha 40 kwa sekunde na ushushe wati za chipu, muda utaongezeka papo hapo. Switch 2 ina mpangilio wa kusimamisha chaji karibu na asilimia 90. Uwashe, betri itazeeka polepole.

Joto nalo lina neno lake. Mipaka ya kutumia Switch na Steam Deck huishia nyuzi 35, na Valve waliwakumbusha wateja wao hilo wakati wa joto kali la Ulaya la Julai 2022. Msimu wa kaskazi, chini ya bati mchana, mpaka huo hauko mbali, na kifaa kilichoachwa juani ndani ya boti kimeshaupita. Chezea kivulini, penye upepo, lakini si upepo wa mawimbi: konzoli hizi huvuta hewa kwa feni, hazina kinga ya maji, na chumvi ikishaingia haitoki kwa kupulizwa.

Jambo jingine ambalo wanaohesabu mAh hawaliulizi kamwe: baadhi ya kadi za gemu za Switch 2 hazina gemu ndani. Zina ufunguo tu, na gemu yenyewe hupakuliwa kwa intaneti kabla ya kucheza mara ya kwanza. Street Fighter 6 ni ya aina hiyo. Cyberpunk 2077 imo yote kwenye kadi yake. Tofauti huandikwa mbele ya kasha. Mahali ambapo bando ni ghali na mnara uko mbali, hiyo ni tofauti ya kucheza na kutocheza, basi kama ni lazima upakue, pakua Lamu kabla ya kupanda boti.

Na kwa nyumba yenye paneli ndogo inayotaka konzoli moja ya watoto, ushauri wangu ni Switch ya 2019 iliyotumika na kutunzwa, kabla ya kifaa chochote kipya kinachotangazwa kwa kishindo. Wati-saa 16, mlaji wa wati 3.6 kwa gemu nzito, na gemu nyingi zimo kamili kwenye kadi. Kagua vijiti vya kuongozea visiwe vinasogea vyenyewe, maana huo ni ugonjwa wake unaojulikana. Kisha igeuze usome maandishi madogo ya nyuma: HAC-001 tupu ni ile ya 2017 inayomaliza betri kwa saa 2 na nusu, na HAC-001(-01) ndiyo unayoitaka. Kwa nje zinafanana, na wauzaji huziweka bei moja. Kama unanunua kwa simu, mwambie akutumie picha ya maandishi hayo kabla hujatuma pesa.